Swala Waliokula Ukuta wa Bibi

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi mlangoni, Mwanamize alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufungua bomba na kuinywesha miti. Ya pili ilikuwa kumhesabia bibi yake mizunguko.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia atembee nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, bila kukosa, au sindano za insulini zingeongezwa. Lakini Bibi hakupenda kutembea barabarani. Mtaa wao wa Malaz, hapa Riyadh, una magari mengi na njia zake za miguu zimebomoka. Kwa hiyo alitembea bustanini, kutoka ukuta hadi ukuta, kanga moja kiunoni na moja mabegani, kichwa wazi, mkono ukipapasa majani njia nzima.

Aliweza kukaa kichwa wazi kwa sababu ya thuya zake, miti yake ya uzio. Nyumba yao na ya jirani zilijengwa zamani na ndugu wawili, na katikati hapakuwa na ukuta ila uzio wa waya. Bibi alipohamia kwa mwanawe Ussi, baba yake Mwanamize, kutoka Jeddah, baada ya kufiwa na mumewe, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupanda miti kumi na minane kando ya waya ule. Majani ya thuya ni bapa na madogo, yamepangana kama magamba ya samaki, na mti hujaa majani kuanzia chini kabisa hadi kileleni. Sasa miti ilikuwa na miaka sita. Ilikuwa imempita Ussi kwa urefu, na imesongamana hata paka hapenyi.

"Wa ngapi huu?" Bibi aliuliza.

"Wa kumi na tisa, Bibi."

"Mwongo wewe. Ni wa ishirini." Wakacheka, na honi ya basi ikalia.

Mwezi wa Oktoba, Abu Sultan, jirani yao, alileta swala wawili. Alikuwa na shamba la mapumziko nje ya mji, na huko alifuga swala kwa kibali. Shamba lilipoanza kukarabatiwa, aliwaleta wawili nyumbani wakae miezi miwili. Kazi ya kuwalisha alipewa mwanawe, Sultan, mvulana wa miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi na jioni alipaswa kuwapa mafungu mawili ya barsim, yale majani mabichi ya mifugo yanayouzwa sokoni.

Mwanamize aliwapenda sana swala hao. Kwa wiki mbili alikuwa akichungulia baina ya majani ili ayaone macho yao meusi. Mapenzi hayo yaliisha siku ya Alhamisi.

Aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bibi amekaa kwenye ngazi ya mlango, amevaa abaya na amejifunika hadi paji la uso, kama mtu anayesubiri teksi.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Siendi popote," Bibi alijibu. "Wamekula ukuta wangu."

Mwanamize aligeuka. Thuya zilikuwa zimesimama, lakini kutoka ardhini hadi kufikia kifua chake hazikuwa na jani hata moja. Yalibaki matawi makavu ya rangi ya udongo, na kati ya matawi ulionekana uwanja wote wa jirani: gari la Abu Sultan, dereva wake anayelifuta vumbi, na wageni wawili wanaokunywa kahawa. Kwenye kona, waya ulikuwa umekunjwa juu, nafasi ya kutosha mnyama kupita. Juu ya nyasi kulikuwa na vinyesi vidogo vyeusi kama mbegu.

Jioni Ussi alipiga magoti mbele ya miti, akakwangua tawi kwa ukucha. Alikuwa fundi wa viyoyozi, lakini alilelewa na Bibi na aliijua miti.

"Juu itaendelea kukua," alisema taratibu. "Lakini hapa chini basi. Thuya ikishavuliwa majani mpaka kwenye kuni, pale haichipui tena."

"Hata tukiimwagilia kila siku?" Mwanamize aliuliza.

"Hata ukiimwagilia maziwa."

Walihesabu. Miti kumi na mitatu ilikuwa imeharibika. Mitano ya mwisho, upande wa jikoni, haikuguswa. Siku ile hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Ussi alikwenda kuzungumza na jirani. Abu Sultan aliona haya, akamwita mwanawe mbele yake. Sultan aliapa kwamba swala wanakula barsim yao yote, na kwamba hajui ni nani aliyekunja waya. "Labda ni paka," alisema. Abu Sultan akaufunga waya kwa kamba, akaomba radhi, na mambo yakaonekana yamekwisha.

Hayakwisha. Siku tatu baadaye kamba ilikuwa imefunguliwa, na swala walikuwa wamekula hata vichipukizi vya waridi. Bibi aliacha kutembea. Kutembea ndani ya abaya nzito, huku akitazamwa na madereva, kulimkera. Alikaa ndani mbele ya runinga, miguu ikamvimba, na kipimo cha sukari kikapanda. Mama yake Mwanamize, ambaye ni muuguzi, alikisoma kipimo mara mbili.

Mwanamize alikutana na Sultan kwenye uchochoro ulio nyuma ya nyumba zao, akipiga mpira ukutani.

"Bibi yangu anaumwa kwa sababu ya swala wako," alimwambia kwa Kiarabu.

Sultan hakuacha kupiga mpira. "Kwa sababu ya miti? Ni miti tu. Mwambie avae abaya atembee." Kisha akacheka.

Kicheko kile Mwanamize aliingia nacho nyumbani. Alikula nacho, akafanya nacho hesabu za shule, akalala nacho. Hakutaka tena waya ufungwe wala radhi iombwe. Alitaka Sultan alie. Alitaka aone kitu anachokipenda kikiondoka, asiweze kukirudisha.

Alianza na pilipili. Alisikia shuleni kwamba wanyama hawali jani lenye pilipili, lakini yeye hakutaka wasile. Alitaka wale, waungue. Alichemsha pilipili mbuzi ishirini, akatia maji yake kwenye chupa ya kupulizia, akaenda bustanini. Alipuliza mara moja tu. Upepo ulikuwa unatoka upande wa jirani, nao ukamrudishia pilipili yote usoni. Alikimbia hadi bombani akipiga mayowe, macho ameyafumba. Alipoweza kuyafumbua, alimwona Sultan ng'ambo ya waya, ameshika tumbo kwa kicheko.

"Hujanijua," Mwanamize alisema kwa Kiswahili, machozi yakimchuruzika. "Bado hujanijua."

Siku ya Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, Bibi alimpa sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. "Mpelekee Umm Sultan mkate wa kumimina."

"Bibi! Baada ya yote waliyotufanyia?"

"Jirani ni jirani. Nenda, bado wa moto."

Mwanamize alikwenda na hasira zake. Aliyempokea jikoni alikuwa Roselyne, mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile, mama wa Kikenya mwenye sauti nzito na mikono yenye haraka. Roselyne na Bibi walipenda kuzungumza kupitia kwenye waya, mmoja kwa Kiswahili cha Unguja, mwengine kwa Kiswahili cha Kakamega, kila mmoja akimcheka mwenzake. Mwezi wa Disemba Roselyne alikuwa aende nyumbani likizo, baada ya miaka miwili. Binti yake Mitchelle alikuwa anamaliza darasa la mwisho la shule ya msingi, na mama mtu alikuwa ameahidi kuwa naye likizo hiyo.

"Ngoja nioshe hii sahani yenu nikuwekee tende," Roselyne alisema. Kabla hajaigusa, sauti ya madam, mama yake Sultan, ikamwita kutoka ghorofani. "Aki, huyu madam! Ngoja kidogo, Mwanamize."

Mwanamize alibaki peke yake. Mlango wa jikoni ulifunguka uwanjani, na mwisho wa uwanja kulikuwa na geti dogo la nyuma linaloelekea uchochoroni. Roselyne alilitumia geti hilo kila jioni kutoa taka. Swala walikuwa wamelala kivulini. Sultan hakuwepo.

Hakufikiri sana, au pengine alikuwa amefikiri siku nyingi mno. Alivuka uwanja, akavuta komeo, akalisukuma geti hadi likagota ukutani. Kisha akarudi nyumbani kwao kupitia uchochoro huo huo, akapanda ghorofani, akasimama dirishani.

Swala mmoja aliinuka. Alinusa hewa. Akatoka.

Sultan alitokea na mpira kwapani, akaona geti, akautupa mpira. "Baba! Baba! Ametoka!" Alikimbia uchochoroni huku akilia kwa sauti ya mtoto mdogo. Na Mwanamize, tusifiche, aliona utamu. Ulikuwa utamu wa kweli, umemjaa kifuani kama maji baridi ya kufungulia saumu. "Cheka sasa," alinong'ona. "Cheka basi."

Halafu akasikia gari likifunga breki barabarani, na kishindo kimoja kidogo.

Abu Sultan alirudi amembeba swala mikononi. Mguu wa mbele ulikuwa unaning'inia. Nyuma yake alikuja Sultan, goti limechanika, kwa sababu naye aliruka barabarani na gari la pili lilimkosa kwa hatua mbili. Mwanamize aliliona goti lile na damu ikishuka hadi kwenye soksi. Akaondoka dirishani.

Jioni hiyo daktari wa mifugo alimfunga swala mguu. Na jioni hiyo hiyo sauti ya Umm Sultan ilisikika hadi kwa kina Mwanamize.

"Ni nani mwingine anayetumia geti lile? Ni nani? Mtoto wangu angekufa!"

"Madam, mimi nilifunga. Wallahi nilifunga, madam."

"Mafi likizo! Hakuna safari ya Disemba. Alhamisi unarudi ofisini kwenu. Halas, basi!"

Bibi, aliyekuwa akinywa chai, aliweka kikombe chini. "Maskini Roselyne," alisema. "Kurudishwa ofisini kwa wakala si mchezo. Atakaa huko asijue anapelekwa nyumba gani, na mwanawe anamngoja."

Mwanamize alisema ana usingizi, akaenda kitandani.

Siku iliyofuata alijiambia maneno mengi. Alijiambia kwamba kosa ni la Sultan, aliyeanza. Alijiambia kwamba madam atapoa. Alijiambia kwamba Roselyne ni mtu mzima na atapata nyumba bora zaidi. Aliporudi kutoka shuleni alimwona Sultan uwanjani, amekaa chini karibu na swala aliyefungwa mguu, amemlaza kichwa mapajani. Alikuwa analia, kama alivyomwombea. Mwanamize aliutafuta ule utamu wa jana, hakuupata.

Jumatano jioni Roselyne alikuja kwenye waya. Begi lake alikuwa ameshalifunga.

"Bibi, nimekuja kusema kwaheri. Kesho asubuhi gari ya ofisi inanichukua."

Bibi alitoka, akaingiza vidole vyake kwenye matundu ya waya, Roselyne akavishika. Mwanamize alisimama nyuma ya thuya isiyoguswa.

"Unajua kitu gani kinaniuma, Bibi?" Roselyne alisema. "Nilifunga hiyo geti. Nilifunga na hii mikono yangu. Lakini wamesema sana mpaka sasa mimi mwenyewe nimeanza kujishuku. Najiuliza, Roselyne, ama ulisahau? Ama akili imeanza kupotea? Na mtoto nitamwambia nini? Amehesabu siku kwa kalenda."

Hapo Mwanamize hakuweza tena. Alitoka nyuma ya mti.

"Hukusahau, Da Roselyne. Ulifunga. Ni mimi niliyefungua."

Roselyne aliviachia vidole vya Bibi polepole.

"Wewe?" alisema. "Niliporudi jikoni nilikuta umeenda, nikadhani umeitwa nyumbani. Na ile siku yote nikipigiwa kelele, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Bibi hakupiga kelele wala hakumgusa mjukuu wake. Aliingia ndani, akavaa abaya na viatu, akarudi. "Twende," alisema.

"Bibi, miguu yako..."

"Nimesema twende. Na hatupiti nyuma. Tunazunguka barabarani, tunagonga mlango wa mbele."

Walitembea pole pole, Bibi akisimama kila baada ya hatua chache kupumua. Njia ile fupi Mwanamize aliiona ndefu kuliko mizunguko yote aliyowahi kuihesabu. Abu Sultan ndiye aliyefungua. Umm Sultan alikuja, na Sultan akasimama nyuma yao, goti limefungwa bandeji. Roselyne alikuwa kwenye mlango wa jikoni.

"Mjukuu wangu ana neno," Bibi alisema. "Naomba mmsikilize mpaka mwisho."

Mwanamize alisema. Alisema kuhusu pilipili, kuhusu sahani, kuhusu komeo. Alisema kwamba alitaka Sultan alie. Hakusema "lakini" hata mara moja, ingawa ilimjia mdomoni mara tatu. Alipofika mahali pa gari, alimalizia kwa kunong'ona: "Sultan angeweza kufa. Na Da Roselyne hakufanya kitu."

Umm Sultan alikaa kwenye kiti. Uso wa Abu Sultan ulikuwa mwekundu. "Unajua ungeniulia mwanangu?" aliuliza.

"Najua."

Wakati huo Sultan, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu, alisema huku akitazama zulia: "Waya nilikunja mimi."

Wote wakageuka.

"Barsim ilikuwa inanichosha," alisema. "Kuifuata, kuikata, kusafisha. Nikaona miti yao ni mibichi. Nikakunja waya wajilishe wenyewe. Barsim nilikuwa naitupa kwenye taka." Akafuta pua. "Baba aliponiuliza, niliapa uongo. Nisingedanganya, geti lisingefunguliwa."

Abu Sultan akamtazama Bibi, na hasira yake yote ikamgeukia mwenyewe. "Alikuja mwanao kunidai haki, nami nikakupa kipande cha kamba," alisema. "Nisamehe, mama."

"Mimi nimesikia," Bibi alijibu. "Lakini kuna mtu humu ndani hajasikia kitu."

Umm Sultan alielewa. Ilimchukua muda, maana maneno ya kuomba radhi hakuyazoea. Aliinuka, akaenda hadi mlango wa jikoni. "Roselyne, nilikuonea," alisema. "Rudisha begi chumbani. Disemba utakwenda kwa mwanao." Roselyne alifunika uso kwa mikono miwili.

Mwanamize alimsogelea. "Nisamehe, Da Roselyne."

Roselyne alimtazama kwa macho mekundu. "Nimesikia, Mwanamize. Umefanya vizuri kusema. Lakini bado inaniuma. Nipe siku kadhaa." Na siku kadhaa zikapita kweli kabla hajamwita tena kwa jina akicheka.

Wazazi wa pande mbili walikubaliana. Sultan na Mwanamize wangemhudumia swala mgonjwa pamoja, asubuhi na alasiri, hadi mguu upone: kukata barsim, kubadilisha maji, kufagia. Siku za kwanza hawakusemezana. Siku ya nne Sultan aliuliza kama pilipili ile iliwasha sana. "Sana," Mwanamize alisema. Wakaendelea kufagia.

Ni Mwanamize aliyegundua jambo la miti. Siku moja, swala akiwa ameshikwa kamba, Sultan alimpitisha karibu na thuya zile tano za upande wa jikoni. Swala alinusa, akauma kidogo, akaacha, akageukia nyasi. Mwanamize alikata kitawi cha mti ule na kitawi cha mti ulioharibiwa, akavisugua vidoleni. Harufu zake zilikuwa tofauti. Kile cha mti mzima kilinukia kwa ukali, kama dawa ya kifua. Ijumaa Ussi alimchukua hadi kwenye vitalu vya miche kusini mwa mji. Mwenye kitalu, mzee wa Kiyemeni, alivinusa vitawi vyote viwili na kucheka.

"Hizi ni thuya mbili, si moja," alisema. "Hii laini ni peremende kwa wanyama. Hii nyingine hawaipendi. Lakini usidanganyike, binti. Mnyama mwenye njaa hula hata mlango. Panda hii, izungushie waya mpaka ikupite kichwa, na mnyama ashibishwe."

Abu Sultan alinunua miche kumi na mitatu, mikubwa kiasi cha kumfika Mwanamize begani, na fundi akaweka uzio mpya wa bati hadi usawa wa kichwa cha mtu. Sultan alichimba mashimo yote kumi na matatu, na hakuna aliyemsaidia kuchimba. Mwanamize alipanda na kushindilia udongo. Swala wote wawili walirudishwa shambani, mmoja akichechemea kidogo. Roselyne alisafiri tarehe kumi na mbili Disemba.

Jioni ya kwanza baada ya uzio kukamilika, Bibi alifunga kanga zake, akaanza kutembea. Mwanamize alitembea kando yake.

"Bibi, wewe hukukasirika?" aliuliza. "Hata siku moja?"

"Nilikasirika kuliko wewe. Miti niliipanda mimi."

"Kwa hiyo nilikosea kukasirika?"

Bibi alisimama. "Hasira si kosa, mjukuu wangu. Umeonewa, ukasirike. Lakini ukidai haki, nenda mlango wa mbele, mchana, utaje jina lako na utaje jina la aliyekukosea. Ukirudishwa, nenda tena, na unichukue na mimi. Kisasi hakigongi mlango wa mbele. Kisasi hupita geti la nyuma, na kwenye geti la nyuma hakimkuti aliyekukosea. Humkuta anayetoa taka."

Bibi akamshika Mwanamize mkono, wakaendelea na mzunguko wa saba.